Kamera ya megapikseli 48 iliyoona 5 tu

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Wiki mbili zilizopita mlitoa ukurasa mzima wa simu na kamera za bei nafuu, na karibu kila kifaa mlikipima kwa namba moja tu, megapikseli, yaani mamilioni ya pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha. Hii 48, ile 64, nyingine 108. Sikuona mahali palipoelezwa namba hizo zinatoka wapi. Mimi ni mpiga picha. Studio yangu iko Ngamiani hapa Tanga, aliifungua marehemu baba mwaka 1978, nami naiendesha peke yangu tangu alipofariki mwaka 2003. Namba hiyo nimeiona ikimliza mtu mzima mbele ya kaunta yangu, ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Mwezi wa tatu alikuja kijana wa mtaani kwetu na boksi mkononi. Msimu mzima alikuwa Muheza akipakia machungwa kwenye malori, akaweka akiba, akanunua kamera kwenye duka moja ambalo sitalitaja. Laki moja na elfu themanini. Juu ya boksi, kwa tarakimu nene kama kidole gumba, imeandikwa megapikseli 48. Alitaka aanze kupiga harusi na mahafali, na mimi nilikuwa nimemwahidi kwamba akipata kamera yake nitamfundisha mwanga. Hakungoja mafunzo. Alipiga harusi ya binamu yake, wakazichapa picha kubwa, wakamrudishia. Nyuso zilikuwa kama za mshumaa. Akina mama walikuwa wamevaa kanga sare, mji wa kanga umekuwa kama rangi iliyomwagikiwa maji, na jina la kanga halisomeki hata moja. Akaniuliza, "Mama, nimekosea wapi?" Akalia.

Nilidhani kweli amekosea, mkono ulitikisika au lenzi ilikuwa na mafuta. Nikaichukua kamera nikaifanyia jaribio ambalo baba alikuwa akilifanya kwa lenzi mpya. Nilibandika ukutani ukurasa wa matangazo madogo wa gazeti, tena ni gazeti lenu hili hili, nikaiweka kamera kwenye stendi mita mbili kutoka ukutani, nikapiga kwa kila saizi iliyomo kwenye menyu yake: 48, 30, 20, 12, 8 na 5. Halafu nikazifungua zote kwenye kompyuta, nikazilinganisha kwa ukubwa mmoja.

Kichwa cha ukurasa kilisomeka katika picha zote. Matangazo madogo hayakusomeka katika hata moja. Na hili ndilo nililotaka kijana alione kwa macho yake: picha ya 48 na picha ya 5 zilikuwa sawasawa. Herufi iliyovurugika kwenye ile ya 5 ilikuwa imevurugika vilevile kwenye ile ya 48, imenenepa tu. Nikatoa kamera yangu ya zamani ya megapikseli 12, niliyoinunua mkononi mwa mtu mwaka 2009, nikairekebisha lenzi ionyeshe eneo lile lile la ukuta. Matangazo yakasomeka, kwa shida kidogo, lakini namba za simu nilizitaja moja moja yeye akiwa amesimama karibu na gazeti akizihakiki.

Tukafungua kijitabu cha maelezo. Ukurasa wa mwisho, kwa maandishi madogo kuliko yote yaliyomo, kuna mstari unaosema sensa, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ni ya megapikseli 5. Mbele ya ile saizi ya 48 kuna neno moja la kitaalamu ambalo kijana hakuwahi kuliona maishani mwake: intapolesheni.

Sasa naomba uvumilivu wa wasomaji nilieleze neno hilo, maana anayelijua hawezi kuuziwa tena boksi.

Sensa ya kamera ni kipande cha silikoni chenye vijisehemu vya kuhisi mwanga, vimepangwa safu kwa safu kama miraba ya daftari la hesabu. Unapobonyeza, kila kijisehemu hupima mwanga uliokiangukia, na kipimo hicho hugeuzwa kuwa namba. Katika picha ya kawaida ya JPEG namba huanzia 0, ambayo ni giza tupu, mpaka 255, ambayo ni mwanga kamili. Picha yako ni namba hizo basi. Kamera ya kijana ina vijisehemu 2,592 kwa 1,944, yaani milioni 5 na kidogo. Ukiichagulia saizi ya 48 inatoa picha yenye pikseli 8,000 kwa 6,000, na hiyo ni milioni 48. Milioni 43 zilizozidi hazikupimwa na chochote. Katika kila pikseli 10 za picha ile, karibu 9 hakuna mwanga uliowahi kuzigusa. Kompyuta ndogo iliyomo ndani ya kamera ilitazama namba zilizopimwa, ikapiga hesabu ya kilichoelekea kuwa katikati yake, ikajazia. Hiyo ndiyo intapolesheni, na pikseli zake mimi mwenyewe siku zote huziita pikseli za kujazia.

Kujazia kwenyewe kunafanyikaje? Nilimweleza kijana kwa machungwa, kwa kuwa machungwa anayajua kuliko mimi. Tuseme hujafika Muheza na unataka kujua chungwa huko ni bei gani. Unampigia simu mtu wa Tanga mjini, anakwambia mia mbili. Unampigia wa Korogwe, anakwambia mia mbili na hamsini. Muheza iko njiani katikati ya miji hiyo, basi unajumlisha, unagawa kwa mbili, unaandika 225. Hesabu haina kosa. Lakini kijana alicheka hapo hapo, kwa sababu Muheza ndiko machungwa yanakotoka, na bei ya shambani haifanani na ya mjini kokote. Jambo lenyewe linaloifanya Muheza kuwa Muheza, hesabu imelivuka bila kuliona. Ungekuwa umeuliza joto la mchana, ungepata jibu zuri tu, maana joto hubadilika polepole kutoka mji hadi mji. Ndivyo ilivyo kwenye picha. Anga la buluu, ukuta wa chokaa, bahari iliyotulia, vyote hivyo ukivikuza kwa hesabu hakuna atakayelalamika. Taabu iko kwenye kope za bibi harusi, kwenye jina la kanga, kwenye vitobo vya kofia ya kiua. Pale ambapo kitu hubadilika ghafla ndipo picha inapokuwa na habari, na ndipo hesabu isipokuwa na la kusema.

Mafundi wana njia kadhaa za kupiga hesabu hiyo. Ya kwanza na nyepesi kuliko zote ni kunakili jirani wa karibu: pikseli mpya inapewa namba ya ile iliyo ubavuni mwake. Matokeo yake ni ngazi ngazi, mstari wa mshazari unakuwa kama meno ya msumeno. Ya pili huchukua majirani wanne na kuwapatia wastani. Hapo ngazi zinapungua, lakini fikiria ukingo wa herufi nyeusi yenye namba 20 ikigusana na karatasi nyeupe yenye 230. Kati yao inawekwa 125, kijivu ambacho hakikuwepo kwenye wino wala kwenye karatasi. Ndipo uso unapogeuka nta. Ya tatu huangalia majirani 16 na kufuata mkunjo wa namba zao badala ya kwenda moja kwa moja, na kanuni yake moja inayotumika sana ilielezwa na Robert Keys mwaka 1981. Hiyo ni nzuri zaidi, ndiyo ninayoitumia kila siku nikikuza picha ya mteja kidogo ili itoshe kwenye fremu, ingawa wakati mwingine huacha mstari mweupe kando ya ukingo kama uzi uliotokeza kwenye pindo. Lakini ya kwanza, ya pili na ya tatu zote zinafanana kwa jambo moja. Hakuna hata moja inayoweza kurudisha kitu ambacho lenzi na sensa hazikukinasa.

Nisieleweke kwamba naipinga hesabu. Bila hesabu ya namna hii hakuna kamera ya rangi tunayoijua leo. Vijisehemu vya sensa havijui rangi, vinajua mwanga mwingi na mwanga kidogo tu. Bryce Bayer, mtaalamu wa Kodak huko Marekani, ndiye aliyebuni katika miaka ya 1970 kukifunika kila kijisehemu kwa kichujio kidogo cha rangi moja, na hati ya ubunifu huo ilitolewa mwaka 1976. Nusu ya vijisehemu vinapata kijani, robo nyekundu, robo buluu. Kijani kimepewa sehemu kubwa kwa sababu jicho la binadamu hutegemea zaidi mwanga wa eneo hilo kutambua vitu vidogo. Kwa hiyo hata kamera yangu nzuri ya megapikseli 24, kila kijisehemu kimepima rangi moja, na zile mbili zilizobaki zimekadiriwa kutoka kwa majirani. Theluthi mbili za namba za rangi katika picha zangu zote ni za hesabu, na sioni haya kusema hivyo. Makadirio hayo hufanya kazi kwa sababu majirani wamegusana, na kila pikseli ina angalau kipimo kimoja cha kweli kinachoishikilia. Mara chache hushindwa. Niliwahi kumpiga bwana harusi aliyevaa shati la mistari myembamba sana, na kwenye picha shati likatoa mawimbi ya upinde wa mvua, zambarau na kijani, ambayo hayakuwepo ukumbini. Nilikaa usiku kucha kuyaondoa.

Kuna tofauti kati ya kukadiria rangi ya kijisehemu ambacho kipo, na kubuni kijisehemu ambacho hakipo kisha kukiandika kwenye boksi. Mabishano haya si mapya. Mwaka 2000 Fujifilm walitoa kamera iitwayo FinePix 4700, sensa yake ina vijisehemu milioni 2.4 vilivyopangwa kimshazari, na picha iliyotoka ilikuwa ya pikseli milioni 4.3. Walikuwa na hoja kwamba mpangilio wa mshazari hunasa vizuri zaidi mistari ya wima na ya mlalo, na hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mteja wetu mmoja aliyerudi kutoka Uingereza alikuja nayo studio. Baba alikuwa hai bado. Maisha yake yote alikuwa mtu wa filamu na chumba cha giza, lakini aliposikia namba zile mbili aliuliza swali moja tu: "Na hizo nyingine zimetoka wapi?" Watengenezaji wa Japani baadaye walijiwekea utaratibu. Chama chao, CIPA, kina mwongozo wa namna ya kuandika sifa za kamera, na namba inayotakiwa iwe ya mbele ni ya pikseli halisi, zile zinazopokea mwanga kupitia lenzi na kuingia kwenye picha. Kwa hiyo inawezekana kuandika ukweli, na kampuni kubwa zinauandika. Vile viboksi visivyo na jina la maana, vinavyobadilisha nembo kila mwaka, ndivyo vinavyoruka utaratibu huo, na ndivyo vinavyonunuliwa na vijana wenye akiba ya msimu mmoja.

Simu za megapikseli 48 na kuendelea ni habari tofauti kidogo, na mwandishi wenu angetusaidia kama angezitenganisha. Sensa ya Sony iliyotangazwa mwaka 2018, IMX586, kweli ina vijisehemu milioni 48. Lakini vichujio vya rangi vimewekwa kimafungu, vinne vinne vya rangi moja, hivyo kwa upande wa rangi inafanana zaidi na sensa ya 12. Ndiyo maana simu nyingi za namna hiyo, usipozigusa, hukupa picha ya megapikseli 12, na kwenye mwanga hafifu hiyo ndiyo bora. Hapo sisemi kuna uongo. Nasema mnunuzi aelezwe. Vilevile kuna kamera zinazoongeza pikseli kwa haki kabisa. Olympus E-M5 Mark II ya mwaka 2015 hupiga picha nane mfululizo huku ikisogeza sensa kwa kiasi kisichofika upana wa pikseli moja, kisha inaziunganisha kuwa moja ya megapikseli 40. Kila kilichoongezeka pale kimepimwa. Ila kitu kinachopigwa kitulie, na kamera iwe kwenye stendi.

Nakuja kwenye jambo lililoniumiza zaidi kuliko kamera ya kijana.

Wanaokuja kukuza picha studio kwangu, wengi ni wafiwa. Msiba ukitokea, watu hugundua kwamba marehemu hakuwahi kupigwa picha ya peke yake. Wanakuja na simu, ndani yake kuna picha ya harusi ya miaka mitano iliyopita, marehemu amesimama nyuma kabisa karibu na spika, na wanataka ya kuweka kwenye fremu kubwa kabla ya arobaini. Mwaka jana alikuja mama mmoja wa Chumbageni na mpwa wake. Picha ilikuwa imepita WhatsApp. Nikaifungua nikapima: uso wa mumewe ulikuwa na upana wa pikseli 60. Fremu waliyoichagua ilitaka uso wa sentimita 15. Kwa uchapaji mzuri wa pikseli 300 kwa inchi, hapo panatakiwa pikseli zaidi ya 1,700. Kila pikseli moja ya kweli ingelazimika kuzungukwa na mamia ya kujazia. Niliwaambia hivyo. Nikawakuzia kidogo waone, uso ukawa ukungu, umbo la kichwa linatambulika lakini macho hayana mtu.

Mpwa akasema kwenye simu yake ana programu ya akili mnemba inayosafisha picha. Akaiingiza, sekunde chache ikatoa uso safi kabisa. Ngozi nyororo, macho yanang'aa, meno yote yamepangika. Kijana akafurahi. Mama akaipokea simu, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Huyu si mume wangu. Kovu lake liko wapi?" Marehemu alikuwa na kovu juu ya nyusi, alilipata utotoni kwa kuanguka mnazini. Katika pikseli 60 kovu lile lilikuwa doa hafifu, nusu pikseli pengine, na programu ikaliona ni uchafu ikaufuta. Meno nayo iliyatoa kwingine, kwa sababu kwenye picha ya asili mdomo ulikuwa umefumba nusu.

Programu hizi hazipigi wastani wa majirani kama nilivyoeleza juu. Zimefundishwa kwa picha nyingi sana za watu wengine, na zinapokutana na ukungu hujazia kwa kile kinachofanana na nyuso zilizofundishwa nazo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha programu ya aina hiyo iitwayo PULSE. Watu wakaipa picha ya Barack Obama iliyofifishwa mpaka ikabaki miraba miraba, nayo ikatoa uso wa mzungu. Watafiti wenyewe walikuwa wameshaeleza kwamba uso unaotoka ni wa kubuni na haufai kumtambulisha mtu. Maelezo hayo hayasafiri na programu inapofika kwenye simu ya mpwa wa mtu hapa Tanga. Na fikiria wewe mjane, unakabidhiwa sura ya mtu ambaye hajawahi kuishi, uitundike sebuleni, na wajukuu ambao hawakumwona babu yao wakue wakiamini ndiye.

Tulichofanya kilikuwa ni kutafuta aliyeipiga picha ile. Alikuwa shemeji yao, sasa anaishi Muscat. Tukampigia simu, bahati nzuri faili la asili alikuwa nalo bado. Nikamwelekeza aitume kama dokumenti, asiitume kama picha. WhatsApp ukiituma kwa njia ya kawaida huipunguza, mara nyingi mpaka pikseli 1,600 kwa upande mrefu, wakati simu yake ilikuwa imepiga kwa 4,000. Faili lilipofika, uso ulikuwa na pikseli 150 kwa upana. Si nyingi, lakini kwa eneo ni zaidi ya mara sita ya zile za mwanzo, na zote zilipimwa na lenzi iliyokuwa ukumbini siku ile. Kovu lilikuwepo. Nikamshauri mama tuchape ndogo, inchi 8 kwa 10, uso wenyewe usizidi sentimita nne, na tuweke kitambaa cheupe kipana ndani ya fremu kuizunguka. Alikubali. Hakudai kubwa tena.

Lipo na la tatu, nalo ni la hatari. Mwenye duka mmoja aliibiwa usiku, akaniletea video ya kamera yake ya ulinzi, akitaka nimkuzie uso wa mwizi ili ausambaze kwenye makundi ya mtaa. Picha nzima ilikuwa 640 kwa 480, uso haufiki pikseli 20. Nilimwambia, kaka yangu, nikiukuza kwa njia ya kawaida utapata ukungu, nikiukuza kwa akili mnemba utapata uso, tena uso mzuri unaotambulika, na utakuwa wa mtu fulani asiyehusika. Tunajua sote mtaani kwetu mtu akiitwa mwizi kinachofuata ni nini. Aliondoka amekasirika, akasema nampotezea haki yake. Mwezi Machi 2024 jaji wa mahakama ya King County, katika jimbo la Washington, Marekani, alikataa kupokea video iliyokuzwa kwa akili mnemba katika kesi ya mauaji. Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inaitaka mahakama ipime kuaminika kwa namna ushahidi wa kielektroniki ulivyotengenezwa na kutunzwa. Lakini kundi la WhatsApp la mtaa halina jaji.

Kwa hiyo ninachoomba, Mhariri, ni hiki. Mnapoandika habari za kamera na simu, ulizeni lile swali la baba yangu. Andikeni pikseli za sensa, na kama muuzaji hazijui, andikeni kwamba hazijui. Wenye maduka nao waziandike kwenye karatasi ya bei, na Tume ya Ushindani iangalie viboksi vinavyotangaza namba ya hesabu kama namba ya sensa, kama Wakala wa Vipimo unavyoangalia mizani na chupa za mafuta zenye ujazo pungufu. Wazazi mnaokwenda kwenye mahafali, msivute picha kwa vidole. Kwa simu yenye lenzi moja, ukivuta mara nne unatumia sehemu moja ya kumi na sita ya sensa, simu ya megapikseli 12 inabaki na pungufu ya moja, na zilizobaki zinajaziwa. Inukeni kwenye kiti msogee, walimu watawavumilia. Na picha za wazee wenu tunzeni faili la asili kwenye kadi au kompyuta, achaneni na nakala iliyozungushwa kwenye makundi.

Kijana alirudi dukani na kamera yake mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa kitu kikishafunguliwa hakirudishwi, mara ya pili aliambiwa 48 imo kwenye menyu, sasa analalamikia nini. Nimempa ile kamera yangu ya megapikseli 12 aitumie mpaka atakapopata yake, na Jumamosi iliyopita alipiga harusi Pongwe, majina ya kanga yakasomeka yote. Ile ya boksi iko kwenye droo ya studio. Ukurasa wa matangazo madogo sijauondoa ukutani, na mkanda wa rangi niliobandika sakafuni kuonyesha mita mbili bado upo. Mwenye kamera au simu anayetaka kujua imeona nini na imejazia nini aje siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana. Tutapiga picha mbili, sitamtoza kitu.

Mpiga picha,
Ngamiani, Tanga